Mwembe au Mwarobaini? Kuchagua Gogo la Mti Mkongwe wa Dar kwa Kukereza

Konda wa daladala hapa Dar es Salaam anashinda kutwa akitaja miti: Mwembechai, Mwembeyanga, Mkwajuni, Mnazi Mmoja, Mivinjeni. Ukishuka kituoni ukauliza mti wenyewe uko wapi, utachekwa. Jina limebaki kituoni, mti ulishakuwa kuni zamani.

Mimi ni mkerezaji wa jioni na wa Jumamosi: nazungusha mbao kwenye mashine na kuichonga kwa patasi ikizunguka. Mashine yangu iko kwenye banda la uani, ndogo, haipokei kipande kipana kuliko sinia la chai. Mbao za dukani, mninga au saipresi, hazinivuti sana. Hizo mafundi wa Keko wanazikereza kuwa miguu ya meza na nguzo za ngazi kwa kasi ambayo sitaifikia. Ninachotafuta ni magogo ya miti mikongwe ya mjini, ile inayoangushwa na masika, au inayokatwa kwa sababu barabara inapanuliwa, ukuta umepasuka, au matawi yamefika kwenye nyaya za umeme.

Wanaoanza kazi hii huniuliza swali lilelile: nimepata gogo la mwembe na gogo la mwarobaini, nafasi ninayo ya moja tu, nichukue lipi? Si ajabu, maana hiyo ndiyo miti miwili mikubwa utakayokutana nayo zaidi chini ya msumeno mjini hapa. Jibu langu huwakera kidogo. Kabla hujauliza gogo lipi zuri, jiulize wiki mbili zijazo una nafasi kiasi gani. Mwembe hausubiri mtu. Mwarobaini unasubiri, ila una masharti yake.

Kwanza tuelewane kuhusu ukongwe

Hapa kwetu mti wa historia kwa kawaida hauna kibao. Ile bustani ya mimea waliyoianzisha Wajerumani mwaka 1893 chini ya Stuhlmann ina miti inayojulikana kwa asili yake, na hakuna mkerezaji mwenye akili atakayekwenda na msumeno pale. Mti wa historia ninaouzungumzia ni ule uliochezewa bao chini yake kwa vizazi viwili, uliofungiwa kamba za turubai kwenye kila harusi na kila msiba, ambao dereva wa bajaji akielekezwa “pale kwenye mwembe” hahitaji maelezo mengine.

Umri wake usiutafute kwenye pete za gogo. Watu wamesoma shuleni kwamba kila pete ni mwaka, lakini hilo ni jambo la nchi zenye baridi inayousimamisha mti kwa miezi. Dar tuna masika na tuna vuli, na mwembe wa pwani hauna msimu mmoja wa kulala unaoacha alama safi kila mwaka. Ninaijua miti michache nchini ambayo pete zake husomeka vizuri, msaji ukiwa mmojawapo. Ya mwembe ni michirizi tu. Mtu akikuuzia kipande akakuambia amehesabu pete akapata miaka 140, mshukuru, kisha mpe bei ya kipande kisicho na umri. Umri wa kuaminika unatoka kwa watu: nani aliupanda, nyumba ilijengwa lini, picha ya harusi ya mwaka gani inauonyesha nyuma ya bibi harusi.

Mwembe

Gogo langu bora la mwembe nililipata Magomeni, kwenye uwanja wa bibi mmoja ambaye mti wake ulikuwa umeinamia paa la jirani. Nilimkuta ameketi kwenye mkeka akiwatazama vijana wakikata.

“Shikamoo bibi.”

“Marahaba mjukuu wangu. Na wewe umeufuata mti wangu?”

Nikamwambia ndiyo, nataka kipande cha shina, nikereze mabakuli. Akanyamaza, akaniangalia mikono. “Wenye mkaa wameshaniwekea hela. Chukua unachotaka kabla hawajarudi, lakini na mimi unitengenezee cha kutilia tende.”

Maneno yale ni muhtasari wa biashara nzima ya mwembe: unashindana na mkaa, na mkaa huwahi kufika. Gogo nililibeba kwa Kirikuu jioni ileile, na nauli ilinigharimu zaidi ya gogo.

Haraka yenyewe inatokana na jinsi mti huu ulivyo. Mbao ya mwembe ina sukari na wanga mwingi, haina sumu yake ya kujilinda, na joto letu na unyevu wetu ndivyo kuvu na wadudu wanavyovipenda. Gogo likilala chini siku chache tu, mbao ya nje inaanza kuingia rangi ya bluu na kijivu. Baada ya wiki chache bungua wamekwishaingia, utawajua kwa vitundu vidogo kama vya sindano na unga laini unaomwagika chini ya gogo. Niliwahi kuliacha gogo zima wiki tatu mwezi Aprili, nikidhani turubai linatosha. Turubai lilifunga unyevu ndani. Nilipolifunua, lilikuwa na uyoga wa kutosha mboga.

Kwa hiyo ukichukua mwembe, ratiba ni hii. Siku ileile paka ncha zote mbili nta iliyoyeyushwa, au rangi ya mafuta iliyobaki kwenye kopo, maana maji hutoka haraka kwenye ncha kuliko ubavuni na huko ndiko nyufa zinakoanzia. Ndani ya siku mbili tatu pasua gogo katikati kwa urefu, msumeno upite kwenye kiini chenyewe, ule uzi wa katikati kabisa. Kipande chenye kiini ndani yake kitapasuka, sijaona kikiacha. Kabla wiki mbili hazijaisha, kereza kila nusu iwe bakuli nene, ukiacha ukuta wenye unene wa sehemu moja ya kumi ya upana: bakuli la sentimita 25 liachwe na ukuta wa sentimita 2 na nusu. Lifunge kwenye mfuko wa karatasi pamoja na maranda makavu, liweke kivulini juu ya kabati. Litapinda, na ndiyo maana umeliacha nene, ili baadaye ulikereze tena likiwa kavu uondoe mpindo.

Sasa malipo. Mwembe mbichi ni raha ya kukereza. Maranda yanatoka marefu, yenye maji, yanaruka begani kama maganda ya muhogo, na patasi haipati shida. Rangi yake ya kawaida ni ya asali iliyopauka, si ya kujivunia sana. Lakini mwembe mkongwe una siri mbili. Pale matawi makubwa yanapogawanyika, nyuzi hujikunja na kutoa mawimbi yanayocheza kwenye mwanga. Na zile kuvu tulizokuwa tunazikimbia, zikisimamishwa kwa wakati, huacha mistari myeusi myembamba kama iliyochorwa kwa kalamu, na mabaka ya njano, waridi, hata kijani. Mtalii anayeshuka Mwenge kutafuta kinyago cha mpingo akiona bakuli hilo husimama. Ninapenda kusema ni ufundi wangu. Ni kuoza kulikokatizwa njiani.

Mpaka kati ya michoro na uozo uupime kwa ukucha. Ukucha ukizama, kitu hicho ni kuni. Usijidanganye na gundi.

Kasoro za mwembe ziko tatu na nitazitaja bila huruma. Ukikauka hula makali ya patasi. Nanoa mara mbili au tatu kwenye bakuli moja, ambapo kwenye mninga ningenoa mara moja. Nyuzi zake hunyofoka kwenye pande mbili za bakuli, pale patasi inapokwenda kinyume nazo, na msasa namba 80 hauondoi kovu hilo, unalitandaza tu. Dawa yake ni patasi iliyonolewa dakika hiyo, kukata kidogo kidogo, na kupaka nta mahali panaponyofoka kabla ya kupitisha mara ya mwisho. Kasoro ya tatu ni ya mwili: mwembe ni ndugu wa mkorosho, na utomvu wake huwasha. Kama wewe ni wa wale wanaotoka vipele mdomoni wakila embe kwa ganda, vumbi la mwembe litakufuata mpaka kwenye kope. Vaa mikono mirefu na barakoa, oga kabla hujabeba mtoto.

Mwarobaini

Mwarobaini nao ulikuja kutoka upande wa Bara Hindi, ukaota pwani yetu kama umezaliwa hapa, na watu wakaupa jina kwa maradhi arobaini unaosemekana kuyatibu. Mitaa mingi ya zamani ya Dar, Upanga ikiwemo, imepata kivuli chake kutoka humo. Ni jamaa wa mti wa mahogani, na ukiukata utaamini: mbao ya ndani ni nyekundu inayoelekea kahawia, nzito, mita moja ya ujazo ikiwa kavu inapita kilo 700, ambapo mwembe uko kwenye 600 hivi. (Mpingo, kwa kulinganisha tu, unafika 1,200 na ukiutupa majini unazama.)

Sifa yake kuu kwa mtu mwenye shughuli nyingi ni kwamba unasubiri. Mbao yake ya ndani haipendwi na mchwa wala bungua, kwa hiyo gogo unaweza kulipaka ncha zake, ukaliinua juu ya matofali, ukaenda kumzika mjomba Tanga, ukarudi baada ya mwezi ukalikuta gogo. Ncha zitakuwa zimepasuka kidogo, maana hapo ndipo udhaifu wake ulipo, lakini ukikata sentimita kumi kila upande unabaki na kitu. Hukauka kwa utulivu kuliko mwembe na haupindi sana. Kwa mtu ambaye kukereza ni jambo la Jumamosi moja kwa mwezi, ningemwambia achukue mwarobaini bila kunisikiliza zaidi.

Lakini nisikilize zaidi.

Mwarobaini wa barabarani ni ubao wa matangazo. Mganga kutoka mbali anayerudisha mpenzi ndani ya saa 24, fundi wa friji, chumba cha kupanga, wote wamepigilia misumari yao kwenye shina hilo kwa miaka arobaini, na mti ukaimeza. Kwa nje huoni chochote. Dalili ni doa la bluu nyeusi kwenye mbao, kwa sababu chuma na maji ya mti vikikutana hutoa wino. Ukiona doa hilo, simama. Patasi ikigonga msumari kwenye mzunguko wa mashine, utatengeneza patasi mpya kama una bahati. Nilinunua kwa mtu kile kifaa cha walinzi wa mlangoni kinacholia kwenye chuma, na sasa hakuna gogo la barabarani linalopanda mashine bila kupapaswa, kama mgeni wa hoteli. Mwembe wa uani nao una misumari, ya kamba za kuanikia nguo, ila huwa michache na mwenye nyumba hukumbuka iko wapi.

Pili ni pua. Vumbi la mwarobaini ni chungu, na sisemi hivyo kwa mfano. Utalihisi nyuma ya koo, utapiga chafya, na chai utakayokunywa baadaye itakuwa na ladha ya dawa ya malaria ya utotoni. Mke wangu alipiga marufuku mti huu karibu na dirisha la jiko. Barakoa ya kitambaa haitoshi. Tafuta ile ya vumbi la saruji.

Tatu, na hili ndilo linaloamua, ni chakula. Kuna wakerezaji wanaosema uchungu huisha mbao ikikauka na kupakwa nta. Kwangu haukuisha. Niliwahi kukereza bakuli zuri la kachumbari, la mwarobaini wa Upanga, jekundu, laini kama yai. Ndimu na chumvi vilipokaa ndani yake nusu saa, kachumbari ikawa mseto wa dawa. Tangu hapo mwarobaini wangu hauingii mezani isipokuwa kama kinara cha mshumaa.

Na kwa vitu vya namna hiyo unafaa kweli: vinara, vipini vya patasi na vya mafaili, vikopo vya kalamu, miguu ya stuli, mpini wa mwavuli. Kitu chochote chembamba kinachokerezwa kwa urefu wa nyuzi, kitakachokaa mahali penye mchwa, na ambacho hakuna atakayekilamba. Kung’aa kwake ni kwa wastani. Usitarajie kioo, nyuzi zake zinapishana na vitundu vyake ni vikubwa. Ukitaka ung’ae kupita hapo utapoteza msasa wako.

Ukiwa na magogo yote mawili mbele yako

Mtu anayeniuliza leo, gogo la mwembe kulia na la mwarobaini kushoto, na Kirikuu limeshawasha injini, namuuliza kitu kimoja: unataka kutengeneza nini? Akisema bakuli, sahani, kitu cha mezani, na ana wiki mbili za jioni, achukue mwembe, na achukue pale penye panda la matawi hata kama wakataji wanamcheka. Akisema kinara, au akiwa hajui bado, achukue mwarobaini. Akisema anataka bakuli lakini mwezi huu ana mitihani, basi amwombe mtu mwingine aukereze mwembe ule kwa unene, ampe nusu. Kuuacha hadi mitihani iishe ni kuutupa.

Kwa anayeanza kabisa, asiyejua bado kushika patasi, mwembe mbichi ni mwalimu mpole zaidi. Unasamehe pembe mbaya ya mkono. Mwarobaini mkavu unakurudishia kosa lako usoni, wakati mwingine kwa maana halisi.

Bei nazo ni tofauti. Mwembe unaununua kwa mwenye nyumba au kwa mwenye mkaa, na ukichelewa hupati. Mwarobaini wa barabarani hauna mwenyewe wa kuzungumza naye kirahisi, na hilo linanipeleka kwenye karatasi.

Karatasi na maneno

Mti ulio kwenye hifadhi ya barabara si wa kijana aliyeshika msumeno, hata akikuambia “chukua tu kaka”. Ni wa mamlaka inayosimamia barabara ile. Na mazao ya misitu, gogo likiwemo, kuyasafirisha kunahitaji hati; Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, wana vizuizi vyao, na hawajali kwamba unakwenda kukereza kibakuli. Mimi hupita kwanza ofisi ya serikali ya mtaa, kisha kwa ofisa misitu wa manispaa, nikiwa na picha ya mti kwenye simu. Mara nyingi huchukua asubuhi moja. Kwa mpingo, mninga na mvule usijaribu njia ya mkato hata mti ukiwa umeota shambani kwa baba yako. Na mpingo ukitaka kuuvusha mpaka, jamii yake yote iko kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, tangu 2017.

Picha hiyo ya simu ina kazi ya pili. Kitu cha mti wa historia bila ushahidi ni kitu cha mbao tu. Kule Stratford-upon-Avon, Uingereza, mwaka 1756, mwenye nyumba aliyechoshwa na wageni aliukata mforosadi uliosemekana kupandwa na Shakespeare. Fundi mmoja wa mji huo, Thomas Sharp, akaununua, akauza vikopo, visanduku na vitu vidogo vya mbao yake kwa miaka mingi, vingi kiasi kwamba watu wakaanza kuuliza mti mmoja ulizaaje mbao zote zile. Hadi leo swali hilo linafuata kila kikopo. Mimi hupiga picha mti ukiwa umesimama, gogo likiwa limelala karibu na kisiki chake, na kipande kikiwa kwenye mashine, halafu naandika chini ya bakuli kwa msumari wa moto: mtaa na mwaka wa kukatwa. Umri siandiki.

Bakuli linalohama

Hili huwaangusha hata waliozoea. Mbao iliyokauka kivulini Dar es Salaam haijakauka kweli. Hewa yetu ya baharini huiacha na unyevu wa asilimia 14 hadi 16 hivi, na ikifika hapo inatulia, ikipanda na kushuka kidogo tu kufuata hali ya hewa. Ukitaka kujua imefika, ipime kwenye mizani ya jikoni kila Jumapili. Uzito ukikaa palepale wiki tatu, umemaliza. Bakuli hilo litaishi salama Kinondoni miaka yote.

Lakini tangu serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba sasa inahamia Dodoma kweli, zawadi nyingi zinapanda basi. Dodoma ni pakavu. Bakuli lililotulia Dar likikaa huko miezi miwili linaanza kukauka upya, na kama ukuta wake una unene usio sawa, linapasuka usiku kwa mlio wa kuvunja biskuti. Ulaya yenye nyumba za kupashwa joto ni mbaya zaidi, unyevu wa mbao hushuka hadi asilimia 8 au chini ya hapo. Hapa mwarobaini unaushinda mwembe, kwa kuwa hautikisiki sana. Kama ni lazima mwembe uende Dodoma, ukereze mwembamba na ukuta ulingane kila mahali, na kabla ya hapo uukalishe wiki kadhaa kwenye kabati dogo lenye balbu ya kizamani inayowaka chini, ile ya kutoa joto. Na bakuli lolote la mwembe linalosafiri lipitishe kwanza kwenye friza siku kadhaa, ukilifunga kwenye mfuko wa plastiki, ili kama kuna bungua ndani, wasiende kuanzisha tawi jipya.

Mingine kwa harakaharaka

Mkwaju ukipata, usiuache. Mbao ya ndani ni ya zambarau iliyoiva, ndogo na isiyotabirika, ngumu kiasi kwamba watu waliitengenezea vinu na michi tangu zamani. Noa patasi zote kabla hujaanza. Kwa kweli kama ningekuwa nachagua kati ya miti mitatu badala ya miwili, mkwaju ungeishinda yote, ila haukatwi kila wiki.

Mkungu, ule wenye majani yanayogeuka mekundu kabla ya kudondoka, una rangi nzuri na nyuzi za sufi zinazochanika kila patasi inapopita. Ninao uani miaka miwili sijaugusa. Mvinje wa ufukweni ni mzito na wenye mng’ao wa ajabu ukikatwa kwa kufuata miali yake, lakini hupasuka ukikauka kama udongo wa kiangazi. Ukereze vitu vidogo tu. Mjohoro una mbao ya ndani nyeusi yenye michirizi ya dhahabu, kama manyoya ya kanga, na vumbi la njano linalowasha macho. Mnazi mzee una ganda gumu la nje lenye vidoti, na ndani ni makumbi matupu: unafaa kwa vipini, haufai kwa bakuli.

Mbuyu ndio kila mtu anaouulizia, kwa sababu ndio wenye historia kubwa kuliko yote. Hauna mbao. Ni nyuzi na maji, ukianguka unanywea kama sponji, na baada ya miezi kinachobaki ni rundo la kamba. Anayekuuzia bakuli la mbuyu, kagua tena.

Na kuna njia isiyohitaji gogo kabisa: mbao za nyumba za zamani zinazobomolewa Kariakoo na kwingineko. Fremu ya mlango wa mvule au wa msaji iliyokaa ukutani miaka sitini imekwishakauka, haipindi tena, na ukiiondoa misumari unaweza kuikereza kesho yake. Wembamba wake ndio unaokubana, maana bakuli pana halipatikani humo. Unapata vinara, vifuniko vya mitungi. Mtu asiye na subira kabisa aanzie hapa.

Bakuli la tende nilimpelekea bibi wa Magomeni wiki moja kabla ya Ramadhani, miezi saba baada ya mti kukatwa. Lilikuwa limepinda kidogo hata baada ya kukerezwa mara ya pili, duara lake limekuwa na sura ya yai, na mstari mmoja mweusi umelizunguka tumboni. Alilipindua akasoma mtaa wake chini, akalinusa.

“Na kile kisiki je, kinafaa?”

Nikamwambia kinafaa sana, mizizi ndiyo yenye michoro mizuri kuliko shina, ila ningependa kujua kwanza misumari iko wapi.

“Upande wa choo kuna mitatu. Mmoja alipiga marehemu babu yako, huo usiutoe.”